Nilivyousoma Msitu wa Amani kwa Ramani ya Topografia

Kabla ya kupanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, niliitandaza mezani ramani ya topografia ya kipimio cha 1:50,000, ambayo sentimita yake moja ni nusu kilomita ya ardhi, nikaanza na maji badala ya njia. Kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zikijikunja na ncha ya mkunjo ikaelekea juu mlimani, hapo ni bonde, na mara nyingi pana mto. Ncha ikielekea chini, huo ni mgongo wa mlima. Kwa kuzifuata ncha hizo niliona jinsi kijito kimoja baada ya kingine kinavyoteremkia Mto Zigi, ambao ndio unaolijaza bwawa la Mabayani linalowapa maji watu wa Tanga.

Kilichonishughulisha zaidi ni reli. Wajerumani, walioanzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, nayo iling'olewa zamani. Ilipita wapi? Treni haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo nilichora kwa penseli mstari unaokwenda sambamba na kontua, ukizunguka kila mgongo na kuingia ndani kabisa ya kila bonde kabla ya kuvuka maji. Penye kontua zilizobanana nilipakwepa; hapo hata mwenye miguu yake hupanda kwa kushika mizizi.

Simu, niliyoitumia kujua mahali nilipo, nayo ilitaka kurekebishwa, kwa kuwa ramani hizi za zamani zimefuata mfumo wa kuhesabu latitudo na longitudo uitwao Arc 1960 ilhali simu hufuata mwingine, WGS 84, na tofauti kati yake huku kwetu ni takriban mita 300.

Sigi, nyumba ya stesheni ingalipo, na sasa hupokea wageni wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1997. Nilimwamkia mzee mmoja mwenyeji, nikamwonyesha mstari wangu. Aliukagua kwa ukucha, akasema, "Hapa sawa, mjukuu wangu. Lakini hapa hawakuzunguka, walikata mlima."

Alinipeleka. Ulikuwa mfereji mkavu uliojaa majani, kuta zake za udongo mwekundu zikinipita kimo kidogo tu, na ndiyo maana haumo ramanini: kitu chenye kina pungufu ya nafasi kati ya kontua na kontua hupotea. Niliuchora papo hapo kwa vistari vifupi, kisha nikamwomba anitajie vijito ambavyo ramani imeviacha bila majina.