Nilivyolitafsiri neno "conscious" bila kumrudishia mgonjwa dhamiri

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri sura mbili za kitabu cha saikolojia kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi, kwa malipo ya laki mbili na ushee ambayo, kusema kweli, karibu nusu yake iliishia kwenye bando. Kilichonitoa jasho ni neno la Kiingereza "conscious", lililochomoza karibu kila ukurasa.

Rafiki yangu aliyesoma kwa Kifaransa huko Bujumbura alinihakikishia kwamba hilo ni dhamiri tu, nami kwa uvivu nikamwamini. Rasimu ilipokamilika nilikwenda kumsomea shangazi yangu, muuguzi mstaafu. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba baada ya upasuaji mgonjwa atarudiwa na dhamiri yake, aliweka kikombe chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwanangu," akaniuliza, "kwani huyo mgonjwa alikuwa mwizi?"

Usiku huo ndipo nilipoufuata mzizi wa neno. Kilatini kilikuwa na "con", yaani pamoja, na "scire", yaani kujua. Hivyo "conscius" alikuwa mtu anayejua jambo pamoja na mwenzake, hasa jambo la siri, na kwa sababu hiyo aliweza kuwa shahidi au hata mshirika katika uovu. Mwaka 1651 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes bado alilieleza hivyo, kwamba ni watu wawili au zaidi kulijua tendo lilelile. Anayezijua siri zake mwenyewe ndiye mwenye dhamiri, na kwa maana hiyo Kiingereza kilikuwa na "conscience" tangu karne ya 13, kabla "conscious" haijaingia katika karne ya 17 na mwanafalsafa mwingine, John Locke, kuieleza "consciousness" kuwa ni mtu kuyatambua yapitayo akilini mwake. Kifaransa hakikuzitenga maana hizo mbili, kwa hiyo rafiki yangu hakuniongopea, ila alinipoteza. Pierre Coste, alipomtafsiri Locke kwa Kifaransa mwaka 1700, alilazimika kuligawa neno kwa kistari, "con-science", ili lieleweke upya. Nilifarijika mno kuona kwamba na yeye alikwama hapohapo.

Ujanja wangu ulikuwa kutafuta kinyume. Kinyume kikiwa kuzirai, niliandika fahamu; kikiwa bahati mbaya, niliandika makusudi; kikiwa kughafilika, niliandika kutambua. "Self-conscious" peke yake ilinila siku nzima, kwa kuwa nilikuwa nimeandika kwa majivuno "msichana anayejifahamu", sifa njema kabisa, kumbe anayesemwa ni binti anayeona kila jicho linamtazama yeye na kuishiwa nguvu kwa haya.

Mhariri hakupendezwa, alitaka neno moja litumike tangu mwanzo hadi mwisho ili msomaji asichanganyikiwe. Nilimtumia ile sentensi ya mgonjwa aliyerudiwa na dhamiri, bila maelezo yoyote, na kesho yake sura zote mbili zilipita jinsi zilivyokuwa.