Asubuhi Afande, Jioni Namba Sita: Siku Moja Maishani Mwangu, Tanga

Saa 11 alfajiri tayari nimefunga raba. Kwenye mchakamchaka kuruta na luteni tunaitikia wimbo mmoja, na joto la Tanga linatulowesha jua halijatoka.

Saa 1:30 ni gwaride. Nakagua mikanda na buti, kisha ofisini: ripoti ya wagonjwa, ruhusa, mgao wa chakula. Makaratasi matupu hadi saa 7.

Saa 9 alasiri tunaingia Mkwakwani kwa mechi ya kirafiki. Hapa ndipo nyumbani kwa Coastal Union, mabingwa wa Bara mwaka 1988, na wazee wa Tanga hawaachi kuutaja mwaka ule. Nahodha wetu ni koplo. Asubuhi alinipigia saluti; sasa ananifokea, "Sita, rudi! Huyo unamwachia nani?" Namba sita ni kiungo mkabaji, na ndiyo namba yangu. Narudi mbio. Afisa asiyetaka kufokewa uwanjani asivae jezi, maana mabeki watamwogopa, hawatamwambia anapokosea, na bao litapita upande wake. Dakika za mwisho namfuata winga wao hadi kwenye kibendera cha kona, nateleza, goti linachunika, mpira unatoka. Koplo ananipiga begani bila neno. Sare, 1-1.

Kwenye lori amekaa wima tena. "Afande, naomba ruhusa ya kesho. Mtoto ana kliniki."

"Nenda, koplo. Msalimie mama yake."

Saa 3 usiku niko zamu. Vijana wa langoni wananiuliza kama mpira na uafisa vinachukuana kweli. Nawapa habari za Walter Tull, Mwingereza ambaye baba yake alitoka Barbados. Alichezea Tottenham, kisha Northampton Town, na mwaka 1914 akaingia jeshini. Kanuni za wakati ule zilimzuia mtu mweusi kuwa afisa, lakini Mei 1917 alipewa uluteni usu, akaongoza askari wazungu vitani Italia na Ufaransa. Aliuawa tarehe 25 Machi 1918. Askari wake walijaribu kumtoa huku risasi zikinyesha, wakashindwa. Mwili wake haukupatikana. Nyota ya begani peke yake haimfanyi mtu ajitupe kwenye risasi kwa ajili yako. Hilo nataka walijue mapema.

"Alicheza namba ngapi, Afande?"

"Tottenham alikuwa mbele. Northampton wakamrudisha kiungo."

"Hata mimi kiungo, Afande."

Nimemwambia kesho saa 10 jioni aje mazoezini na njumu zake. Benchi letu halina sita mwingine.