Fundi akikwambia bomba la hewa ni kutupa hela

Kiwanja chetu huku Ilboru ni mteremko mtupu, ndo maana nyuma ya nyumba tuna besimenti ambayo ukisimama mbele wala huioni. Sa hivi tunaweka bafu humo, choo cha kukaa, shawa na kisinki, mdogo wangu ahamie huko atuachie nafasi. Maji taka hayakutusumbua maana septik iko chini zaidi, yanajiteremkia yenyewe. Wenzetu wa viwanja vya tambarare hapo ndo wanalia, inabidi pampu ya kupandisha, na umeme wetu huu mnaujua.

Ubishi ukaja kwenye bomba la hewa. Fundi ni mzuri kwa kweli, bomba la choo inchi 4, la sinki inchi 2, mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita na pimamaji anayo mkononi muda wote. Nikamuuliza, na hewa je? "Dada, septik si ina bomba lake pale nje, hili lingine ni kutupa hela tu."

Hapo nikagoma. Bomba la septik liko mbele ya maji, wakati hewa inatakiwa nyuma yake! Ukiflashi, maji yanashuka yamejaza bomba na nyuma yanavuta, yasipowekewa pa kuvutia hewa yatanyonya ile kona ya chini ya sinki inayokaa na maji, na yale maji ni kina cha sentimita 5 hivi, yakishaondoka harufu yote ya septik inapanda chumbani. Nikamwambia mimina dumu la lita 20 lisilotobolewa juu uone linavyogugumia. Akacheka, akakubali.

Ila kukubali ni kitu kimoja, pa kulipitisha ni kingine maana juu yetu kuna jiko. Tukalitoa nje ya ukuta hadi juu ya paa, mbali na madirisha, na wavu wa mbu mdomoni. Nilichosimamia ni kwamba kabla halijakunja kona lipande kwanza lipite ukingo wa sinki, sentimita 15 hivi juu yake, kwa sababu likilala chini, siku njia ikiziba maji machafu yanaingia humo na uchafu unagandia. Na kile kipande cha kulala kiinamie kwenye choo ili mvua ikiingia ishuke.

Dukani wakanishawishi ile valvu ya kunyonya hewa, eti unaificha chini ya sinki yameisha. Inaingiza hewa lakini haitoi gesi, na ndani ni kimpira tu, kikichoka utakijua kwa pua. Nikakataa. Shemeji naye anasema weka feni, jamani feni ni ya mvuke wa shawa!

Fundi tailizi ameshaanza kupiga simu, nimemwambia asubiri, kwanza tunaziba bomba mwisho, tunajaza maji yalale humo usiku, asubuhi tuone jointi gani inalia.