Kalenda ya mjomba

Sauti ilifika alasiri, nikiwa nimejinyoosha baada ya kula. Dakika moja na nusu ya mtu anayesema mbio mbio, kama aliyeacha chungu motoni: ndugu zangu wa Mombasa, wiki hii jiepusheni na penye watu wengi, nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia ilishatumwa mara tatu na watu watatu, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Sikujiuliza kama ni kweli. Nilijiuliza leo ni tarehe ngapi, na bungeni kunajadiliwa nini.

Tabia hii nimeirithi kwa mjomba, Mungu amrehemu. Ukumbini kwake Kibokoni, karibu na mlango wa barazani, palitundikwa kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, zile zinazogawiwa bure kila Disemba, na kalamu nyekundu imefungwa uzi kwenye msumari. Serikali yoyote ikitangaza hatari, yetu au ya wenzetu, mjomba huinuka, hutia duara kwenye tarehe, kisha hurudi kwenye kiti chake na kahawa yake chungu na kuanza kuuliza. Kuna uchaguzi? Kuna mswada? Kuna maandamano yaliyoitishwa? Kuna wizi wa pesa unaotaka kusahauliwa? "Bomu halina kalenda," alikuwa akituambia. "Tangazo la bomu ndilo lenye kalenda."

Kisa alichokipenda kuliko vyote hakikuwa cha kwetu, kilikuwa cha Wamarekani. Mwezi wa Machi 2002 walijitengenezea ngazi ya hatari yenye rangi tano: kijani, buluu, manjano, machungwa na nyekundu. Agosti 1, 2004, Tom Ridge, waziri wao wa usalama wa ndani, akapandisha hatari hadi rangi ya machungwa kwa majengo ya fedha ya New York, Newark na Washington. John Kerry, mpinzani wa George Bush, alikuwa ameupokea uteuzi wa chama chake Julai 29. Siku tatu tu, na dunia nzima ikawa inazungumza bomu badala ya Kerry. Haukupita muda ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya habari zile ilikusanywa miaka mitatu au minne nyuma. Mjomba alicheka mpaka kahawa ikampalia.

Alicheka tena 2009, safari hii kwa uchungu kidogo, Ridge mwenyewe alipoandika kwamba siku za mwisho kabla ya uchaguzi ule, baada ya mkanda wa Osama bin Laden kuonyeshwa, wakubwa wenzake walitaka rangi ipandishwe tena, naye akawa anajiuliza kama hili ni la usalama au ni la siasa. Haikupandishwa. Ngazi yenyewe wakaja kuifuta 2011. Watu husahau hiyo sehemu ya kwamba haikupandishwa. Hata mjomba aliipitia haraka.

"Sisi Mombasa hatuhitaji rangi tano," alisema. "Zatutosha mbili. Wageni wapo, wageni hawapo."

Asije mtu akadhani mzee alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Novemba 28, 2002, hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa, watu kumi na watatu wakafa, kumi kati yao Wakenya, na wengi wa hao walikuwa wachezaji ngoma waliosimama mlangoni kulaki wageni kutoka Israeli. Asubuhi ile ile makombora mawili yakaikosa ndege iliyokuwa inapaa kutoka uwanja wa Moi. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kalenda inasemaje. Watu walizika.

Kalenda ilianza mwaka uliofuata, mswada wa kuzuia ugaidi ulipochapishwa. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha mavazi: ukivaa kitu kinachozua shaka kwamba wewe ni wa kundi lililopigwa marufuku, basi una kosa. Haukutaja kanzu wala kofia, lakini hapa kwetu nani alihitaji kutajiwa? Mjomba alivaa kanzu yake ya Ijumaa siku ya Jumatano, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akamwita shangazi: "Njoo umtazame mshukiwa." Kelele zikapigwa na mashekhe, mawakili na watetezi wa haki, mswada ukakwama, na sheria ya namna hiyo haikupita mpaka 2012. Lakini kitu kilishaingia kwenye damu yetu. Waliokufa ni watu wa kwetu, na sheria inayokuja baada ya mazishi inatutazama sisi.

Na ndivyo ilivyoendelea. Mwisho wa 2014 watu wanachinjwa Mandera, ndani ya basi na kisha machimboni, na kabla machozi hayajakauka sheria mpya ya usalama inapitishwa Disemba 18 katikati ya ngumi na maji yanayorushwa bungeni, kesho yake imetiwa saini. Februari Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vinane. Mjomba alitia duara tarehe zote tatu. Wafu walikuwa wa kweli, na haraka ile pia ilikuwa ya kweli, na mimi mpaka leo sijui mtu ayabebe vipi yote mawili kwa mkono mmoja.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika.

Jumamosi ya Juni 23, 2012, ubalozi wa Marekani ulikuwa umetoa onyo kwamba kuna shambulio linakaribia Mombasa, na watumishi wa serikali yao waondoke. Wakubwa wa Nairobi walikasirika, wakasema huu ni uhujumu wa uchumi. Wakati huo nilikuwa nahudumu mezani katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, na jikoni siku hiyo hatukuwa na mazungumzo mengine. Mimi ndiye niliyeongea zaidi. Niliwaeleza kuhusu rangi tano, kuhusu Kerry, kuhusu siku tatu. Nikasema mwaka huu Wamarekani wana uchaguzi na sisi mwakani tuna wetu, hesabuni wenyewe. Nilikuwa najisikia vizuri, sitaficha. Mtu anayejua siri ya mambo hukaa kwenye kiti kirefu kuliko wenzake.

Kijana mmoja wa kuosha vyombo aliniuliza, kwa heshima, maana nilimzidi miaka kama kumi: "Kwa hiyo bro, kesho mpira naweza kwenda?" Ilikuwa Uingereza na Italia, robo fainali ya Ulaya. Nikamwambia, "Wewe nenda ukatazame mpira wako. Hizo ni siasa za watu."

Jumapili usiku guruneti likarushwa kwenye baa ya Jericho, Mishomoroni, watu wakiwa macho kwenye televisheni. Watatu wakafa. Yule kijana alipona, vipande vya chuma vikamwingia pajani na kwenye nyonga. Nilimwona wodini Jumanne. Alinisimulia kuhusu harufu, na kuhusu kiatu kimoja ambacho hakukipata. Hakuniambia neno kuhusu maneno yangu ya Jumamosi, na mimi sikumkumbusha. Miezi michache baadaye alirudi kwao bara, na namba yake haikupatikana tena.

Ungedhani ningekuwa nimejifunza. Mei 2014 nilikuwa pale pale hotelini. Mapema mwezi ule watu walikuwa wameuawa kwa guruneti Mwembe Tayari, kwenye basi. Tarehe 14 Uingereza ikawaambia raia wake wasiende Mombasa bila sababu ya lazima: kisiwa chote, na ukanda wa pwani kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa mpaka Tiwi. Diani haikuguswa wala uwanja wa ndege, jambo ambalo sisi tulilichambua kama aya ya kitabu kitakatifu. Kampuni za Thomson na First Choice zikawarudisha wateja wao kwa ndege, mamia ya watu, na kufuta safari za Mombasa mpaka mwisho wa Oktoba. Nakumbuka mama mmoja mzee, mabega yamemwiva kwa jua, akinikabidhi chupa yake ya mafuta ya ngozi ikiwa nusu, kama anayeacha wasia. Alilia. Alikuwa amebakiza siku tisa.

Barazani, sababu ilishapatikana kabla basi la wageni halijafika uwanjani. Siku chache tu nyuma, Li Keqiang, waziri mkuu wa China, alikuwa Nairobi, na mkataba wa pesa za reli ya kutoka Mombasa ulitiwa saini Mei 11. Basi! Mwingereza ana wivu, anatuadhibu kwa kumkumbatia Mchina. Ilipendeza kwa jinsi ilivyokaa sawa. Mjomba alitia duara tarehe 11, akatia duara tarehe 14, akaziunganisha kwa mstari. Na mimi, ambaye siku ile ile meneja alikuwa ametuita tulio wa mkataba na kutuambia tusirudi mpaka tuitwe, niliupenda mstari ule kuliko mtu yeyote. Ukipoteza kazi, ni afadhali uwe umeonewa na dola kubwa.

Ijumaa ya tarehe 16, ndege za wageni zikiwa bado zinaondoka, mabomu mawili yakalipuka soko la Gikomba, Nairobi. Watu wasiopungua kumi walikufa. Gikomba si Mombasa, mtu mmoja alisema barazani, kana kwamba hilo linajibu kitu.

Na hatukuwa peke yetu kutafuta siasa nyuma ya kila bomu. Mwezi uliofuata watu zaidi ya sitini waliuawa Mpeketoni na vitongoji vyake. Al-Shabaab wakasema "ni sisi", Rais Uhuru Kenyatta akasema siyo wao, ni mitandao ya siasa ya hapa hapa nyumbani. Aprili 1, 2015, Rais huyo huyo alizikosoa ilani za usafiri za wageni, akasema nchi ni salama kama nchi nyingine yoyote. Alfajiri ya kesho yake Al-Shabaab wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa. Waliouawa ni 148. Siku hiyo nilimtazama mjomba kwa pembe ya jicho. Nilitaka aseme kitu. Ikulu ilikuwa imekaa kwenye baraza letu, inatumia maneno yetu, kwa sababu zake yenyewe. Aliitazama kalenda, hakuinuka.

Alipofariki tulikuta kalenda zake chini ya kitanda, zimekunjwa, za miaka kumi na kitu. Niliomba nizichukue, shangazi akashangaa nazitaka za nini. Usiku nikaifungua ya 2012. Juni 23 ina duara, wino umekolezwa mara mbili. Juni 24 haina kitu. Nikafungua ya 2015. Aprili 1 ina duara. Aprili 2 ni tupu, nyeupe kama ilivyotoka kiwandani.

Nimekuwa nikiyafikiria hayo masanduku meupe tangu sauti ya leo ilipofika. Swali la mjomba halikuwa baya, na wenye madaraka wanastahili kuulizwa hivyo mchana na usiku. Lakini sisi tulikuwa tukilipata jibu la swali tunalala. Hatukutia alama kwenye siku ya pili.

Saa kumi na moja binti wa kaka yangu alitoka chumbani amejipamba, akasema anakwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, na wenzake, kula viazi karai na kupiga picha za bahari.

"Usiende," nikamwambia.

"Kwa nini, Ami? Kwa ile sauti? Si wewe husema siku zote ni wanasiasa?"

Nikamwambia bibi yake anaumwa mguu na anataka mtu wa kumkanda. Ni kweli mguu unamuuma, umemuuma miaka sita. Alivua hijabu yake mpya bila kunitazama, na mlango wa chumba ukafungwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyofaa.

Baada ya magharibi nilishuka barazani. Kahawa ilishamiminwa, kashata zimebaki mbili. Mzee mmoja, mwenzake mjomba wa siku nyingi, akanisogezea nafasi.

"Umeisikia ile sauti inayozunguka?"

"Nimeisikia," nikasema. "Siasa hizo, mzee wangu."