"Iko na mizizi?" Siku moja ya ofisa mipango miji jimboni Maine, Marekani

Saa kumi na mbili asubuhi. Giza bado, na barafu imeng'ang'ania kioo cha gari. Kwa mama, Muheza, Tanzania, ni saa nane mchana, kwa hiyo nampigia huku nakwangua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unajenga nini?"

Miaka yote hii bado anajua mimi ni fundi. Namwambia leo kuna kikao cha watu wasiotaka mnara wa simu. Anacheka mpaka anakohoa. "Waambie watuletee sisi."

Saa mbili niko ofisini. Idara ya mipango ya mji wetu ni watu wawili na printa inayokwama. Kanuni zetu za minara ziliandikwa enzi za simu za antena ya kuvuta, na zinajua kitu kimoja tu: mnara mrefu, peke yake, porini. Hizi antena ndogo za 5G zinazofungwa kwenye nguzo za barabarani hazimo. Kwa hiyo kiboksi kinachobebeka kama begi la safari kinapitishwa njia ileile ya mnara wa futi 150: michoro, barua kwa majirani, kikao, miezi.

Na miezi hatuna. FCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Marekani, iliweka mwaka 2018 siku 60 za kuamua ombi la antena ndogo kwenye nguzo iliyopo, na siku 90 kama nguzo ni mpya. Mnara mkubwa mpya ni siku 150. Ombi la antena ndogo likija na pengo, tuna siku 10 za kulitaja. Ukilisahau chini ya kikombe cha kahawa, siku zinaendelea kukatwa.

Saa nne, simu na mwanasheria wa mji. Amepiga mstari kwenye rasimu yangu ya kanuni mpya palipoandikwa "isiharibu mandhari". Ananiuliza: mandhari ya nani? Anataka rangi, vipimo, nyaya zipite ndani ya bomba, na yote hayo yawe yamechapishwa kabla ombi halijafika mezani. Ukingoja kampuni ije ndipo uanze kusema hupendi rangi ya kijivu, umechelewa. Tunabishana saa nzima juu ya neno moja. Ananishinda, kama kawaida.

Saa saba mchana nakula mkate ndani ya gari, nikiutazama msonobari wetu bandia. Ni mnara uliovishwa matawi ya plastiki. Ukiwa mbali unadanganyika, ukisogea unaona kama brashi ya chupa. Asubuhi nilifungua faili lake. Kibali kinasema mnara, urefu, uzio, basi. Kuhusu majani, hakuna hata neno. Sasa, sheria ya Bunge la Marekani ya 2012, kwa kanuni za FCC zinazoifafanua, inamruhusu mwenye mnara wa aina hii kuuongeza asilimia 10 ya urefu, au kimo cha safu moja zaidi ya antena, nafasi kati yake na ile iliyopo isipite futi 20, lolote lililo kubwa, na mji hauna ruhusa ya kukataa. Kinga mojawapo ni pale ambapo nyongeza inaharibu ufichaji uliowekwa kwenye mnara. Ila hapo lazima uonyeshe kwamba ufichaji ulikuwa sehemu ya kibali, na waliotutangulia walitegemea ustaarabu wa kampuni. Kwenye rasimu mpya nimeandika majani kwa herufi nzito.

Saa moja jioni, kikao. Ukumbi umejaa, makoti mapajani. Kila mtu ana dakika tatu, na karibu wote wanazitumia kwa mionzi. Nasimama kusema nisichopenda kusema: tangu Sheria ya Mawasiliano ya 1996, mji hauwezi kukataa mnara kwa hoja ya mionzi ikiwa mitambo inafuata viwango vya FCC. Wananiguna. Siwalaumu, umekuja na hofu ya mtoto wako, unaambiwa tuzungumze rangi.

Wa mwisho ni bibi mmoja kutoka Kongo, kitenge juu ya koti la theluji. Mkalimani hajafika, kwa hiyo mwenyekiti ananitazama mimi.

"Shikamoo bibi."

Anaitikia kwa kichwa. "Mutoto yangu, ile muti ya chuma, iko na mizizi?"

Natafsiri. Ukumbi unacheka kidogo, kwa upole. Lakini bibi hajamaliza. Ana tuta la lengalenga na maharage kwenye bustani ya jumuiya, nyuma ya kile kiwanja kinachotajwa kuwekwa mnara. Muti ikianguka, anguko lake litafika wapi?

Nafungua rasimu nimjibu kwa ufahari, maana hilo nimeliweka: umbali sawa na urefu wa mnara. Nasoma tena. "Kutoka nyumba ya kuishi iliyo karibu." Bustani si nyumba ya kuishi. Kwa maneno yangu mwenyewe, mnara ungeweza kulalia maharage yake na kanuni isivunjwe.

Namwambia ukweli, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza kwa bodi. Bodi inaahirisha kura ya rasimu hadi kikao kijacho.

Saa nne usiku, jikoni kwangu, nafuta "nyumba ya kuishi iliyo karibu" naandika "mpaka wa kiwanja". Namtumia mwanasheria. Dakika mbili tu, anajibu: "Mpaka upi, wa mbele au wa pande zote?"