Nilivyoupata ukali wa nastashiamu maabara

Jamani leo nina furaha mpaka nimeona niandike. Miezi kadhaa nilikuwa natafuta kemikali moja inayoleta ukali kwenye majani ya nastashiamu, ule mmea ambao maua yake ya njano na machungwa watu wanakula kwenye saladi, na mashine ya kupimia kemikali inanitolea mstari umelala tu kana kwamba nimeipa maji matupu.

Jina lenyewe kwanza ni mtihani. Ukitafuta makala kwa neno Nasturtium unaletewa Nasturtium officinale, mmea mwingine kabisa unaoota majini. Huu wetu ni Tropaeolum majus, asili yake Andes, tafuta kwa jina hilo.

Sasa kilichoniponza: nilishauriwa, tena kwa kujiamini kweli, nichemshe majani yalainike ndo nisage. Jani bichi ukilitafuna linawasha ulimi kama haradali, lakini yale yaliyochemshwa hata harufu hayana! Kumbe ndani ya jani kuna glukotropaeolini, ndiyo malighafi ya ukali, na kando yake kuna kimeng'enya kinaitwa mirosinasi, vimetengwa. Jani likisagika vinakutana ndo inatoka benzili aisothiosayanati, ambayo ndio ukali wenyewe. Moto unaua kimeng'enya, basi hakuna kitu. Ule ushauri uliniudhi sana maana ulinimalizia majani yote.

Bahati nzuri supu ya majani yale niliyochemsha sikuimwaga. Nikawaza, kama kilichokufa ni kimeng'enya tu basi malighafi bado imo humu, nikitafute kimeng'enya kwingine. Haradali nyeupe inacho! Nikaiacha supu ipoe kabisa, nikanyunyiza unga wa haradali mbichi kidogo, nikafunika, nikakaa pembeni kama nusu saa naangalia saa tu. Kufungua kifuniko, ukali ukanipanda puani mpaka machozi. Na usiseme ni ukali wa haradali, kwa sababu nilitenga chupa nyingine ya haradali na maji peke yake, mashine haikuonyesha benzili aisothiosayanati kabisa, ila ile ya supu kilele kimesimama wima palepale nilipopategemea. Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

Siku hizi natwanga majani mabichi na maji ya kawaida na kufunika haraka, maana kemikali yenyewe inaruka na hewa. Sasa nimehamia kwenye luteini, ile rangi ya njano ya maua, ambayo adui yake ni mwanga, kwa hiyo chupa zangu zote zimevishwa foili.