Nilivyozipa alama sehemu za kupaki baiskeli Dar es Salaam

Kupaki baiskeli Dar es Salaam ni rahisi, kazi ni kuikuta. Ukishapanda kwa miaka kadhaa unakuwa na orodha yako kichwani: Posta nyuma ya jengo fulani kuna bomba imara, Kariakoo mchana usijaribu, Mwenge mwachie fundi viatu. Orodha yangu nilitaka itoke kichwani ikakae mahali ambapo mwingine ataitumia. Basi kila nilipokuwa na shughuli upande wowote wa mji, nikawa nakagua palipo na nafasi ya kuweka baiskeli na kupaandikia alama kati ya kumi.

Vifaa vilikuwa daftari, simu, futi ya fundi cherehani na baiskeli yenyewe. Yangu ni mtumba wa Japani, ile ya kikapu mbele na stendi ya miguu miwili, yenye kufuli la duara juu ya tairi la nyuma. Kufuli lile linamzuia mtu asiipande akaondoka nayo, lakini halimzuii kuibeba begani au kuitupia kwenye guta. Kwa hiyo swali la kwanza popote nilipofika lilikuwa hili: je, kuna chuma kilichozikwa ardhini, ambacho mnyororo wangu unaweza kukizunguka ukashika fremu na tairi la nyuma kwa pamoja?

Chuma nilikipa alama tatu. Ukizunguka mjini utaona aina mbili hasa. Moja ni bomba nene lililokunjwa, miguu yake yote miwili imezama kwenye zege. Waingereza huiita stendi ya Sheffield. Baiskeli inaliegemea kwa ubavu, moja upande huu na nyingine upande ule, na bomba likiachana na mwenzake kwa mita moja hivi, usukani wa huyu haugombani na wa yule. Nyingine ni ile ya vyuma vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, unachomeka tairi la mbele basi. Wenye majengo wanaipenda kwa sababu inanunuliwa ikiwa tayari na inakaa sakafuni hata bila nati. Mimi siipendi kabisa. Baiskeli ikisukumwa kidogo inalala na rimu inapinda. Tairi nene la baiskeli ya milimani haliingii. Phoenix yenye tenga nyuma haisimami. Na ukifunga tairi la mbele peke yake, mwenye spana anafungua nati mbili anaondoka na baiskeli, wewe anakuachia tairi na kufuli. Stendi ya namna hiyo, hata iwe mpya inameremeta, haikupata zaidi ya nusu alama.

Kabla ya kuandika nilikuwa naitikisa kwanza. Kuna bomba linaloonekana imara ukiwa mbali, ukilishika linacheza kama jino la mtoto. Walinzi hawapendi kuona mtu anatikisa vyuma vya jengo, lakini hakuna njia nyingine ya kujua.

Macho ya watu nayo tatu. Hapa nilikuwa nahesabu nani anakaa karibu kutwa nzima: fundi viatu, mama ntilie, muuza vocha, dereva wa bajaji anayesubiri abiria. Kuna ofisi moja katikati ya mji ina mabomba mazuri kuliko yote niliyoyaona, lakini yako nyuma kabisa, kati ya jenereta na mapipa ya taka. Mwizi anaweza kukaa pale na msumeno wake akakata kwa raha zake. Mimi mwanamke, saa moja jioni siendi nyuma ya jenereta kuchukua kitu chochote. Alama ya macho: sifuri.

Kivuli na mvua nikaviwekea alama moja tu. Najua jua la Dar linaivisha siti na kupasua mipira, na wakati wa masika kuna sehemu maji yanafika kwenye pedeli. Ila baiskeli iliyolowa bado ni baiskeli.

Tatu zilizobaki ni za ruhusa, na hizi ndizo zilizopanga karibu matokeo yote.

Unaweza kuwa na chuma, zege, paa na macho, halafu akaja mlinzi. Posta nilisimama mbele ya jengo lenye maduka, nikawa natoa mnyororo kwenye kikapu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Toa baiskeli hapo, binti."

"Niiweke wapi, baba?"

"Hapo ni pa wateja."

"Mimi ni mteja."

"Wateja wa magari."

Hakuwa anatania. Ameagizwa kwamba baiskeli mbele zinaharibu sura ya jengo, na mshahara wake unategemea kutii agizo hilo. Nilipomwuliza kama yeye anakuja kazini kwa daladala, akacheka: "Mimi nina baiskeli yangu, iko ndani kule, pembeni ya jiko la kantini." Akanionyesha. Walikuwa wameziegesha pale yeye, wafagizi na kijana wa chai, kwenye bomba la maji lililotoka ukutani, penye kivuli na watu wanaopita kila dakika. Palikuwa pazuri kuliko chochote kilichokuwa mbele. Tangu hapo, nikifika jengo nisilolijua siulizi maegesho yako wapi, namwuliza mfagizi yeye yake anaweka wapi.

Feri, penye soko la samaki, ndiko daftari langu lilikopata tabu. Wachuuzi wa samaki wanaacha baiskeli zao na matenga yao kwenye kundi moja, hakuna chuma, hakuna paa, na wengi hawafungi kufuli. Kuna kijana anaziangalia na kila mtu anamwachia chochote. Chuma sifuri, kivuli sifuri, macho tatu, ruhusa tatu: sita. Stendi ya vyuma vyembamba kwenye jengo la vioo, yenye mlinzi anayekataa, iliambulia moja na nusu. Jamaa yangu aliyesoma mambo ya mipango miji alisema hesabu hiyo haijakaa sawa. Nikamwambia achukue baiskeli yake akapaki sehemu zote mbili, kisha tuzungumze. Hajapaki bado.

Wauza madafu sikuwahesabu. Baiskeli ya madafu ni duka, mwenyewe haiachi.

Watu wakizungumza juu ya baiskeli hutaja Uholanzi, na kweli pale Utrecht, kwenye stesheni kuu, kuna maegesho ya baiskeli 12,500 yaliyokamilika mwaka 2019, na saa 24 za kwanza hulipi kitu. Lakini hata kule kuna wahudumu wanaoshinda humo ndani. Kwetu njia ya baiskeli ilijengwa kandokando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mwendokasi ulioanza 2016, na pale ambapo bodaboda na wapanga bidhaa hawajaivamia ni njia nzuri sana. Tatizo linaanza ukishuka kwenye baiskeli.

Matokeo niliyaingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuihariri. Dar ina bahati: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, kwa hiyo sehemu nyingi vichochoro vyake tayari vimo, unaweka nukta tu. Kwa simu kuna programu iitwayo StreetComplete, inakuuliza stendi ni ya aina gani, inabeba baiskeli ngapi, ina paa au haina. Unajibu ukiwa umesimama palepale. Alama zangu za kumi hazimo, kwa sababu ramani inataka kilichopo, haitaki maoni yangu, na hilo nalikubali.

Ruhusa ndiyo inanishinda. Ramani inakubali niandike kwamba sehemu ni ya wateja tu, au kwamba ina msimamizi. Haina pa kuandika kwamba mlinzi wa asubuhi anakataa na wa jioni anakusaidia kufunga mnyororo. Hayo yamebaki kwenye daftari, kila sehemu na safu mbili, ya mchana na ya usiku. Na kampuni ya ulinzi ikibadilishwa naanza upya.